Majibu ya Mtu Asiyekuwepo

Tangu Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware mnamo Novemba 2023, na mwezi uliofuata kusitisha uuzaji wa leseni za kudumu, mafundi wengi wa seva wamekuwa katika uhamisho. Ofisi zilizotulia juu ya VMware kwa miaka zinapiga hesabu upya, na baadhi zinafunga virago kuelekea Proxmox, Hyper-V au KVM tupu. Anayehama nyumba hufungua masanduku aliyokwisha kuyasahau, na katika uhamisho huu masanduku hayo ni faili za majibu: zile faili ndogo za maandishi zinazoieleza programu ya usakinishaji, bila mtu kukaa mbele ya skrini, mashine pepe itumie lugha gani, diski yake igawanywe vipi, mtumiaji wa kwanza aitwe nani na nywila yake iwe ipi. Nimeishi na faili hizi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, tangu enzi za CD hadi enzi hizi za wingu, na kuzipitia upya kumenirudisha kwenye ubishi wa zamani. Tumezoea kubishana kama machaguo-msingi ya mtengenezaji yabadilishwe au yaachwe. Naona sasa kwamba tulianza ubishi huo mahali pasipofaa, maana kabla yake kulikuwa na swali tuliloliruka: ni nani hasa anayelijua jibu?

Chaguo-msingi ni uamuzi wa mtu asiyekuwepo. Mhandisi fulani wa Raleigh au Redmond alimfikiria mteja wa wastani, akaandika jibu litakalotumika pale ambapo mteja hatatamka neno. Simlaumu, lazima mtu aamue. Zamani usakinishaji ulikuwa wa ana kwa ana, programu inauliza na fundi anajibu, na majibu mengi yalikuwa Enter, Enter, Enter. Tulijiona tunachagua, kumbe tulikuwa tunagonga mihuri kwenye barua zilizoandikwa na wengine. Watu wa fani nyingine walishalipima jambo hili. Mwaka 2003 Eric Johnson na Daniel Goldstein walilinganisha nchi za Ulaya katika uchangiaji wa viungo vya mwili. Ujerumani, ambako mtu alitakiwa kujiandikisha ndipo ahesabiwe mchangiaji, waliokubali walikuwa asilimia 12. Austria, jirani wa lugha hiyo hiyo, ambako aliyetakiwa kujiandikisha ni asiyetaka, walikaribia asilimia 100. Kimya cha Mjerumani na kimya cha Mwaustria kilikuwa kimoja. Aliyekipa maana ni mwandishi wa fomu.

Usakinishaji wa kujiendesha haukuiua tabia ya Enter, uliinakili tu. Kickstart ya Red Hat ilikuwepo tangu miaka ya 1990, na Debian 3.1 ilipotoka mwaka 2005 na kisakinishi kipya, preseed ikawa njia ya upande huo. Kickstart ilikuja na ukarimu wenye mtego. Kila ulipomaliza kusakinisha mashine kwa mkono, mfumo ulikuachia ndani ya /root faili iitwayo anaconda-ks.cfg, yenye majibu uliyoyatoa. Ilikuwa rahisi mno kuichukua, kurekebisha mistari miwili mitatu, na kuifanya kielelezo cha mashine mia. Kizazi kizima cha mafundi kilijifunza hivyo, nami nimo. Lakini faili ile ilibeba kila kitu: kibodi iliyokuwa mezani siku ile, ukanda wa saa uliochaguliwa kwa haraka, na hata nywila ya root ya mashine ile ya kwanza, iliyosagwa isisomeke kwa macho lakini ikabaki ile ile kwa mashine zote zilizofuata. Jibu la kubahatisha la alasiri moja likawa sheria ya ofisi.

Ukiyatazama majibu ndani ya faili kama hiyo, utaona hayana asili moja. Mengine mtengenezaji anayajua kuliko sisi sote: ruhusa za faili za mfumo, huduma zipi ziwashwe kwa mpangilio gani, mfumo wa faili uliojaribiwa kwa mzigo mkubwa kuliko tutakaouona maishani. Mengine yanajulikana na mahali tu: saa, lugha, ukubwa wa kazi itakayofanyika. Na yako machache ambayo hayajui mtengenezaji wala ofisi, kwa sababu hayapaswi kuwepo kabla mashine yenyewe haijazaliwa. Ni hayo machache yaliyotugharimu zaidi.

Machi 2006 iligundulika kwamba kisakinishi cha Ubuntu 5.10 kilikuwa kinaacha nywila ya mtumiaji wa kwanza, ambaye kwa Ubuntu ndiye msimamizi wa mashine, katika maandishi ya wazi ndani ya logi ya usakinishaji, na logi hiyo yeyote mwenye akaunti kwenye mashine aliweza kuisoma. Kasoro ilizibwa haraka, wengi wakadhani somo limeeleweka. Mei 2020, miaka 14 baadaye, ikabainika kwamba Subiquity, kisakinishi kipya cha Ubuntu Server kilichoandikwa upya, kinaandika kwenye logi nywila ya kufungulia diski iliyosimbwa. Msimbo ulikuwa mwingine, kosa lilikuwa lile lile. Upande wa Windows, faili ya Autounattend.xml inaweza kuificha nywila kwa Base64, jambo ambalo ni sawa na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: asiyezijua herufi hizo atababaika, anayezijua atasoma bila kusita. Sidhani tatizo hapa ni uzembe wa waandishi wa programu. Kisakinishi ni karani. Kazi yake ni kuandika kila alichofanya ili mambo yakiharibika fundi ajue wapi, na ukimnong'oneza siri, ipo siku ataiandika nayo. Siri ya kudumu haina sababu ya kupita mikononi mwake. Kinachofaa kumpa ni ufunguo wa hadharani wa SSH, ambao ukivuja haumdhuru mtu, au nywila ya muda inayokufa siku ya kwanza.

Kisa cha funguo ni kizito zaidi. Mei 2008 Debian ilitangaza kwamba kifurushi chake cha OpenSSL, tangu Septemba 2006, kilikuwa kinazalisha funguo karibu bila bahati nasibu yoyote; kilichobaki kuutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ambayo haikuzidi 32,768. Funguo zote zilizowezekana zikaweza kutengenezwa na kupangwa kwenye orodha. Lile lilikuwa kosa la mstari wa programu, lakini miaka minne baadaye Nadia Heninger na wenzake walionyesha kwamba hata programu nzima inaweza kufika pale pale. Waliikagua intaneti, wakapata funguo binafsi za RSA za asilimia 0.5 ya mashine zilizotumia TLS, kwa kuwa mashine nyingi, hasa vifaa visivyo na skrini wala kibodi, zilitengeneza funguo zao mara tu baada ya kuwashwa, kabla hazijakusanya vurugu ya kutosha kupatia nasibu. Mashine pepe inayosakinishwa yenyewe usiku ni ndugu ya vifaa hivyo: hakuna anayegusa kibodi, hakuna panya anayesogea. Ndiyo maana mstari mmoja wa virtio-rng, unaomruhusu mwenyeji kumgawia mgeni nasibu yake, una thamani kubwa kuliko kurasa nyingi za mapambo ambazo watu huzijaza kwenye faili zao.

Hapa huja pingamizi ambalo nimelisikia zaidi ya mengine katika miaka hii kumi. Wanasema enzi ya kisakinishi imepita: tengeneza mashine moja vizuri, ifanye kiolezo, toa nakala, na ikiharibika ifute utoe nyingine, nani tena anajali majibu ya usakinishaji? Nakubaliana na nusu ya hoja. Nakala ni ya haraka, na mashine inayoweza kufutwa bila machozi ni neema. Ila kiolezo hakikuyafuta majibu, kiliyagandisha tu, pamoja na yale ya kuzaliwa nayo. Kikitoka na funguo za SSH ndani yake, kila nakala inajitambulisha kwa uso mmoja, na anayemiliki moja anaweza kujifanya yoyote. Mfano wa kuchekesha kidogo ni wa /etc/machine-id. Tangu Ubuntu Server ianze kutumia systemd-networkd, mashine huomba anwani ya mtandao kwa kitambulisho kinachotokana na faili hiyo. Nakala kumi zenye machine-id moja huiendea seva ya DHCP zikiwa na majina kumi na anwani kumi za kadi, na seva inazipa zote IP moja, kwa kuwa kwake huyo ni mtu mmoja aliyekuja mara kumi. Fundi anahangaika na swichi na nyaya, ilhali dawa ni kuifanya faili hiyo tupu kabla ya kutengeneza kiolezo. Cloud-init imechukua nafasi kubwa katika ulimwengu wa wingu kwa sababu hiyo: inaliacha umbo kuwa moja, na kuyaahirisha majibu ya kila mashine hadi dakika inapoamka kwa mara ya kwanza.

Kuhusu nywila za kiwandani sitasema mengi, dunia imeshasema. Programu hasidi ya Mirai, mwaka 2016, iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu jozi sitini hivi za majina na nywila zinazojulikana, na Oktoba mwaka huo huo ikaiangusha huduma ya Dyn na kuziyumbisha tovuti kubwa nyingi. Hizo hazikuwa mashine pepe, lakini mantiki ni ile ile, na sheria zimefuata: California kuanzia Januari 2020, Uingereza kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Raspberry Pi ilikuwa imekwishaondoa mtumiaji wake maarufu wa msingi mnamo Aprili 2022. Mwaka huo huo, Oktoba, VirtualBox 7.0 ikatoka na usakinishaji wa kujiendesha ndani ya dirisha la kutengeneza mashine mpya: ukichagua ISO inayotambulika bila kutia alama ya kuruka hatua hiyo, mfumo unasakinishwa wenyewe, mtumiaji akiitwa vboxuser na nywila yake changeme. Nywila inayomsihi mtu aibadilishe! VMware Workstation nayo, katika usakinishaji wake rahisi wa Linux, huchukua nywila moja kwa mtumiaji wa kawaida na root pia. Kwa mashine ya mwanafunzi iliyofungwa ndani ya kompyuta yake hayo si maafa, na ningekuwa mnafiki nikisema vinginevyo. Hofu yangu ni kwamba mashine za majaribio zina tabia ya kupandishwa cheo bila sherehe. Ya wiki iliyopita ilikuwa ya kujifunzia. Wiki hii ina hifadhidata ya wateja.

Turudi kwenye majibu ya mahali, maana huko kosa halipigi kelele. Sakinisha Windows kwa Kiingereza cha Marekani bila kutaja ukanda wa saa, na mashine ya Dodoma itaamka ikifuata saa za pwani ya Pasifiki, saa kumi au kumi na moja nyuma kutegemea msimu wa kule. Tarehe 3/4 itakuwa Machi 4 kwa mashine na Aprili 3 kwa mhasibu. Karatasi itakuwa ya vipimo vya Marekani badala ya A4, na printa ya ofisi itasimama ikidai karatasi ambayo pengine haijawahi kuonekana kwenye duka la vifaa vya ofisi mtaani. Haya yanarekebishika, ingawa kila rekebisho lina muda wake. Kuhusu saa, wataalamu wengi wanasisitiza UTC kwa seva zote, na wana hoja: logi za nchi tofauti zinalingana. Lakini Afrika Mashariki haina majira ya kusogeza saa. Hapa tuko UTC+3 mwaka mzima, hivyo faida moja kubwa ya UTC, kukwepa ile saa inayojirudia au kupotea, kwetu haipo. Tena msomaji wa logi wa huku anabeba hesabu mbili: tukio la 05:00 kwenye UTC ni 08:00 kwenye ukuta wa ofisi, na mlinzi aliyeliona ataandika kwenye daftari lake kwamba ilikuwa saa mbili asubuhi. Sisemi UTC ni kosa. Nasema anayeijua gharama hiyo ni aliyeko hapa, naye ndiye anayestahili kuamua.

Yapo pia majibu ya mahali yasiyosubiri toba. PostgreSQL huchukua lugha na usimbaji wa herufi kutoka mazingira inamowekwa. Katika mfumo uliopunguzwa hadi mifupa, wenye lugha ya POSIX, hifadhidata inazaliwa na SQL_ASCII, yaani haikagui herufi inazopokea. Kulibadilisha hilo baadaye ni kuitoa data yote nje na kuirudisha upya. Mgawanyo wa diski ndio nadharia hii kwa ukamilifu wake. Red Hat Enterprise Linux 7 ya mwaka 2014, pamoja na CentOS iliyofuata nyayo zake, ilipoachiwa igawe diski yenyewe na kukuta nafasi inazidi GB 50, ilitoa GB 50 kwa mfumo na kilichobaki chote ikaipa /home. Kwa kompyuta ya mtu mwenye picha na nyaraka, huo ni mgawanyo wa busara. Kwa seva ni kinyume, maana hifadhidata, logi na barua hukaa /var, ndani ya zile GB 50, na /home haina anayelala humo. Duka limejaa hadi mlangoni, ghala nyuma yake ni tupu. Na kwa kuwa toleo hilo ndilo lililofanya XFS kuwa mfumo wa faili wa msingi, na XFS hukuzwa lakini haipunguzwi, hukuweza hata kuimega ghala: ilibidi ivunjwe na kujengwa upya. Samaki mkunje angali mbichi. Linganisha na Ubuntu Server ya leo, ambayo kwenye diski ya GB 100 huupa mfumo kama nusu tu na kuiacha nyingine bila mwenyewe ndani ya LVM. Wageni hulalamika kwamba wameibiwa diski. Mimi nalipenda chaguo hilo, kwa sababu mtengenezaji amekiri hajui, na amri moja ya kuongeza inatosha siku utakapojua wewe.

Kuna wanaosema kinyume cha haya, nao ni mafundi wazuri: mguse mtengenezaji kidogo iwezekanavyo, kila unachobadilisha ni mzigo wako. Nikitazama nyuma, ushahidi wao una nguvu kuliko nilivyokuwa tayari kukiri zamani. Mstari uliorithiwa kuliko yote katika faili za Kickstart za miaka ile ulikuwa ule wa kuzima ulinzi wa SELinux. Uliandikwa na mtu aliyekwama na programu moja, ukanakiliwa na maelfu wasiokuwa na programu hiyo. OpenSSH 7.0 ya Agosti 2015 ilibadilisha chaguo lake la msingi ili root asiingie tena kwa nywila kutoka mbali. Aliyekuwa ameliacha chaguo hilo kama lilivyo alipata ulinzi huo kwa kusasisha tu. Aliyekuwa ameandika yes kwa mkono wake, pengine bila sababu anayoikumbuka, alibaki na mlango wa zamani. Chaguo la mtengenezaji huzeeka vizuri kwa sababu kuna mtu anayelitunza. Langu likikosa mtunzaji linachacha ndani ya faili. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaochukua orodha ndefu za kukaza usalama, kama za CIS, na kuzimwaga zote kwenye usakinishaji bila kuzisoma; huko nako ni kupiga Enter, ila kwa mhandisi mwingine.

Ofisi ndogo zitasema hazina mtu wa kukaa na kuchambua haya yote. Ni kweli, lakini majibu ya mahali hayafiki kumi, na yanaandikwa mara moja. Usakinishaji wa kujiendesha wa Proxmox, ulioletwa na toleo la 8.2 mnamo Aprili 2024, unalilazimisha jambo hilo kwa namna ninayoiheshimu. Faili yake ya majibu inadai kibodi, nchi, jina kamili la mashine, barua pepe ya msimamizi, ukanda wa saa na nywila ya root, na ukikosa kimoja inakataa kuendelea badala ya kukubahatishia. Baadhi ya mengine unaweza kuyanyamazia. Kuna usumbufu ndani yake, lakini unakuja mwanzoni, wakati diski bado ni tupu.

Katika faili mpya ninayoiandika sasa, juu ya kila mstari unaotofautiana na wa mtengenezaji nimeweka mstari wa alama ya reli unaosema kwa nini, na lini uangaliwe tena. Wa saa unasema Africa/Nairobi, kwa kuwa wasomaji wa logi wote wako huku. Wa nywila unasema ifutwe mashine ikishaamka. Wa kugawa diski bado hauna maelezo.